Rangi ya Kijani kwenye Chemchemi ya Verlyn

Nimechoka na watu wanaojua maji yanakokwenda. Bondeni kwetu kila mtu anajua. Aliambiwa na baba yake, na baba yake aliambiwa na babu aliyekuja kutoka Norwei na shoka begani, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kushuka chini ya ardhi akatazama. Mimi ni mtafiti wa afya ya samaki. Kazi yangu ni kupasua samaki aina ya trauti waliokufa, kuwachungulia matamvua wanayopumulia kwa darubini, kisha kwenda kuwauliza wenye mashamba habari za samadi yao. Baada ya hapo hakuna anayenikaribisha chakula.

Mwaka ule waliokuwa wakifa ni trauti wa Mzee Verlyn Skaar. Alikuwa na bwawa moja tu, lililolishwa na chemchemi inayotoka chini ya mwamba nyuma ya nyumba yake. Trauti wake walikuwa wa mbegu ya zamani, ambayo kwingine kote wilayani ilikwishapotea. Tangu afiwe na mkewe, Borghild, hao samaki ndio waliomtoa kitandani asubuhi. Sasa walikuwa wakielea juu wakihema, matamvua yamevimba na kujaa ute. Nilichukua sampuli mpaka friji yangu ikakataa kufungika. Haukuwa ugonjwa wa kuambukizana. Yalikuwa maji yenyewe: kila samadi ilipomwagwa mashambani na mvua ikafuata, chemchemi ilinuka na samaki wakafa.

Shamba la juu ya mwamba ni la Gaylen Tveten, binamu yangu, mtoto wa mjomba. Katikati yake kuna shimo ambapo ardhi ilititia zamani, na mjomba akalijaza majiko mabovu na nyaya za ua. Pembeni mwa shimo hilo ndipo Gaylen anapomwaga samadi ya maji kutoka kwenye zizi la ng'ombe wake.

"Maji yangu yanashuka upande wa kanisani," aliniambia, mara ya ngapi sijui. "Kilima kinainamia huko. Hata ndama analijua hilo."

"Ndama wako ameshaingia shimoni akahakikisha?"

"Arlys, usianze."

"Kuanza nimechoka, binamu. Nataka kumaliza. Nikimwaga rangi kwenye shimo lako, ikatokea kwa Verlyn, utaacha kumwaga samadi hapo?"

Alijikuna shingo kwa muda. "Ikitokea, nitaacha. Nitazungusha na ua. Isipotokea, mkome kunitafuna kwenye kahawa ya baada ya ibada."

Basi tukapatana hivyo.

Rangi hiyo haimdhuru samaki wala mtu, ila ni kaidi. Chembe ambayo jicho haliioni inatosha kunaswa na mkaa, na maabara wakaiona. Ndiyo maana tunafunga vifuko vya mkaa kwenye chemchemi na kuviacha humo. Na ndiyo maana kuna sharti moja lisilo na mjadala: mkono ulioshika rangi haushiki kifuko. Mimi humwaga, mwenzangu Odell huweka vifuko na kuvikusanya, na siku ya kazi hatupandi hata gari moja.

Lakini Gaylen akashikilia kwamba shamba ni lake na atamwaga mwenyewe. Nikampa glavu, akamwaga. Rangi ikaingia kati ya majiko ya marehemu mjomba, ya kijani kali ya kuumiza macho. Nilipogeuka nikamwona Verlyn anapanda kilima na mkongojo wake, ingawa nilikuwa nimemsihi abaki nyumbani.

Wawili hao hawakuwa wakisemeshana tangu maziko ya Borghild. Gaylen hakwenda kuzika. Alisema nyasi zake za ng'ombe zilikuwa zimekwisha kukatwa, hazijakauka, na mvua inakuja. Verlyn alisimama mbele yake.

"Nilikosea, Verlyn," Gaylen alisema. "Zile nyasi zililoa vilevile."

"Nilizipita nikaziona," Verlyn alijibu. "Nilifurahi sana."

Wakacheka. Gaylen akavua glavu, maana kwetu kumpa mtu mkono uliovaa glavu ni kumtukana, na wakashikana mikono kwa muda mrefu. Machozi yalinilengalenga. Nimekaa miaka mingi kati ya watu wanaonuniana kwa sababu ya maji, na kwa mara ya kwanza niliona kazi yangu imepatanisha mtu na mtu. Nilisimama pale nimefurahi kama juha.

Majibu ya maabara yalisema rangi imekutwa kwenye kifuko cha Verlyn. Nilimpigia simu Gaylen. Akasema, "Haya. Nitatafuta nguzo za ua." Usiku ule nililala vizuri.

Ijumaa, kama kila Ijumaa, bonde zima lilikuwa baa likila samaki wa kukaanga na viazi. Verlyn alikuja mezani kwangu, kofia mkononi.

"Binti yangu, nina neno. Kile kifuko kilikuwa kimetupwa na maji juu ya jiwe. Nilikirudisha."

Uma ukanibakia mkononi. "Lini, Mzee?"

"Siku ileile, niliporudi kutoka shambani."

"Ulikuwa umenawa mikono?"

Alitazama kiganja chake. "Jioni nilipofua shati, maji ya beseni yaligeuka kijani. Kumbe Gaylen alipovua glavu aliishika rangi, na mimi nikaishika kwake."

Nilitamani kumziba mdomo. Angenyamaza, ua ungejengwa na samaki wake wangepona. Hakuna ambaye angejua, na mimi, Mungu anisamehe, ningelala.

"Kwa nini unaniambia?"

"Alinipa mkono, Arlys. Siwezi kumfunga mtu kwa mkono alionipa."

Kwa hiyo niliyafuta majibu. Nilikwenda kwa Gaylen, nikamweleza mlangoni, nikamsihi asubiri mpaka masika tuyarudie yote.

"Tanki limejaa na ardhi inakaribia kuganda kwa barafu," alisema. "Niiweke wapi samadi, sebuleni?"

"Mwaga upande wa pili wa kilima. Upande wa kanisani, kwani si huko maji yanakokwenda?"

"Upande ule kuna kisima chetu. Watoto wanakunywa."

Nilimtazama. Naye akatazama buti zake.

"Basi unajua kwamba ya shimoni hayaendi huko," nilisema.

"Sijui kitu. Wewe ndiye mtaalamu. Imethibitika au haijathibitika?"

Ningeweza kudanganya, maneno yalikuwa yamekaa tayari kwenye ulimi. "Haijathibitika," nilisema.

"Basi niache nifanye kazi."

Akamwaga tanki zima. Kesho yake mvua ya baridi ikaanza, ikanyesha bila kupumzika, na mimi nikakaa jikoni naisikiliza juu ya paa, kahawa imepoa, hasira imeniisha.

Verlyn alipiga simu asubuhi. Hakusema ila "Njoo."

Bwawa lilikuwa la kijani. Halikuhitaji mkaa wala maabara. Mtoto angeliona kutoka barabarani. Rangi ilikuwa imekwama shimoni muda wote ule, kwenye matope na majiko, ikingoja kusukumwa. Samadi na mvua viliisukuma yote kwa pamoja, na ilikuwa bado inatoka chini ya mwamba, inang'aa, na harufu ya zizi iko nayo. Trauti walikuwa wamegeuza matumbo juu, bwawa zima, wakubwa kwa wadogo. Nilimtafuta hata mmoja anayehema. Nilizunguka bwawa nikimtafuta, sikumpata, nikalia bila aibu.

Gaylen alifika, sijui nani alimwambia. Aliegesha gari mbali akaja kwa miguu. Aliyatazama maji, akamtazama Verlyn. Kisha akavua glavu, akanyoosha mkono.

Verlyn alikuwa ukingoni, mikono ndani ya mifuko ya koti. Hakuitoa.

"Arlys," alisema, bila kuniangalia. "Andika kwamba leo sijagusa kitu."