Wodi ya Pembezoni
Mkunga alipoambiwa anahamishwa kutoka hospitali kuu, alijiona ametupwa jalalani. Jiji lilikuwa limefurika watu. Kule hospitali kuu wazazi walilazwa wawili wawili kitandani, wengine chini. Ndipo manispaa ikaamua kufungua wodi ndogo za uzazi huko pembezoni, watu waliko.

Wodi yenyewe ilinukia rangi mpya. Vitanda vilitandikwa vikapendeza, lakini wa kuvilalia hawakuja. Wajawazito walipita mlangoni kama hawaioni, wakapanda magari kwenda kubanana mjini. Mkunga na muuguzi mwenzake walishinda wakipiga miayo.

Kilichomuuma zaidi ni mwanawe, fundi bomba, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya kwanza.

"Mama, usikasirike," alimwambia. "Pale kwenu bado hapajazoeleka. Nitampeleka hospitali kuu."

"Huko nilikotoka mimi?"

"Ndiyo. Kuna madaktari."

Mkunga akachukua mkoba wake, akaenda kazini.

Uchungu ulimshika mkwewe mchana, jua la utosi. Fundi akatoka mbio kutafuta gari. Huku nyuma mkewe akajikokota kwa miguu, akishikilia kuta za majirani, hadi wodini.

"Mama, nimekuja," alisema akihema. "Mwanao atanikuta hukuhuku. Wa kulala naye kitanda kimoja ninaye tayari, tena anakoroma."

Mkunga akacheka, kisha akachukua glovu. Amezalisha wanawake wasiohesabika, leo hata glovu zinamshinda kuvaa! Muuguzi akamshika bega.

"Dada, leo wewe ni bibi tu. Kaa nje, niachie mimi."

Akatoka, roho mkononi. Mwanawe akafika akitweta, wakakaa benchi moja. Kilio cha kichanga kiliposikika, fundi akamwinamia mama yake begani, akalia kama yeye ndiye aliyezaliwa.

"Nisamehe, mama."

"Nyamaza wewe. Nenda kamwone mwanao."

Alikuwa msichana. Mkwe, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alisimulia habari za wodi kila alipokwenda kuchota maji, na chumvi akatia kidogo. Majirani wakaanza kuja, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Wakubwa wa manispaa walipokuja kukagua, walimkuta mkunga hana hata nafasi ya kuwakaribisha viti.

"Mtanisamehe," alisema akiwapita na beseni mkononi, "kuna mtu anasukuma."