Jiwe la Tisa

…na sasa anasema la tisa nalo limelala upande, upande gani, kiputo cha pima maji kimetulia katikati kabisa, hakiendi kushoto wala kulia, lakini baba ameketi kule barazani na fimbo yake magotini, na macho yale yale ambayo juzi yalitafuta miwani robo saa nzima ikiwa puani, anasema limelala, "ling'oe, mama, uanze upya," ndivyo anavyomwita tangu azaliwe, mama, kwa kuwa amebeba jina la bibi yake, na yeye akajibu "abee, baba, nimesikia" bila kuinua kichwa, akaligonga jiwe kwa nyundo ya mpira, gonga, gonga, jiwe halikuhitaji kugongwa, mkono ndio uliotaka kugonga kitu… magoti yamelowa, mchanga umeingia mpaka ndani ya kucha, na siku ya mapumziko ndiyo hii moja tu, wiki nzima wodini ananyanyua wagonjwa wa watu, leo ananyanyua mawe, mawe bapa kumi na manne, asubuhi alipima njia kwa miguu yake kutoka ngazi ya baraza hadi banda la sungura, kila hatua kijiti, vikatimia vijiti kumi na vinne, jiwe halizidi, jiwe halipungui, akafurahi peke yake, na kabla hata la kwanza halijatulia mzee akaanza, hilo hapana, la pili hapana, la tatu ndio kabisa… fundi mzima, amejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, hawezi kuona mtu mwingine ameshika mwiko akanyamaza… na kesho mchana kaka anakuja kujionea, kaka hasubiri mpaka fundi aridhike, kaka aliyepiga simu Jumapili, siku baba alipoteleza kwenye tope akiwapelekea sungura majani, akalala pale chali mpaka jirani alipomsikia, "mdogo wangu, nimevumilia vya kutosha, akianguka tena namchukua," anampeleka wapi, ghorofa ya nne, akae dirishani ahesabu mapaa ya watu, bila sungura, bila udongo, miezi mitatu hamalizi, na yeye akajibu kifua mbele, baba yuko imara, kaka, shida ni tope tu, nitaweka mawe… "Mama!" "Abee!" "Hilo la tisa…" "Baba, liko sawa! Pima maji inasema liko sawa!" na sauti ikamtoka kali, ile ya kufokea wauguzi wanafunzi, akajuta papo hapo, barazani kiti kikalia, amenyanyuka, haya, mkaguzi huyo anakuja, aje, hatamtazama, aje aone kwa macho yake hayo, na fimbo ikagonga saruji, ta, kandambili ikaburuzika, shrr, ta, shrr, sijui mchanga utatosha, ta, shrr, na masikio yake bila kutumwa yakaanza kuhesabu, kazi ikishakuingia haitoki, ndivyo wanavyowapima wanaofundishwa kutembea tena, tatu, nne… kutoka kiti hadi nguzo ni hatua mbili, yeye hupita pale na sinia, moja, mbili, amefika, na baba yuko ya tano, ya sita, ta, shrr, nguzo bado, ya saba… tangu lini, tangu lini anatembea hivi, mara ya mwisho amemwona akitembea ni lini, jioni akirudi kazini anamkuta ameshakaa, asubuhi akitoka ni "tangulia tu, mama, mimi sina haraka," akadhani ni raha za uzee… ya nane, na macho yakashuka yenyewe kwenye pengo kati ya jiwe la nane na la tisa, nyasi na tope, upana wa hatua yake yeye, mtu anayekimbia korido kutwa, mguu wa baba ungetua humo kwenye tope mara mbili, mara tatu, halafu ujikwae kwenye ukingo wa jiwe, tena na tena mpaka bandani, Mungu wangu, mitego tisa, ameipanga kwa mstari, imenyooka… na mtu aliyetandaza sakafu miaka arobaini alishaiona, tangu la kwanza aliiona, macho yake hayana ubaya wowote, ila angesemaje, mama, mguu wangu haufiki, amwambie nani, huyu aliyekuwa akimbeba mabegani, akasema limelala upande, asubuhi nzima anamwomba ang'oe na yeye anamwonyesha kiputo… aibu ikampanda mpaka masikioni, mpumbavu mimi, na nesi pia… yakiwekwa yakigusana hayatafika hata nusu ya bustani, basi banda lisogee, sungura hawana hati ya kiwanja, lakini kaka, kaka haambiwi tena ni tope tu, itabidi aambiwe kweli, na bado wabishane, na huenda mara hii ashindwe… ta. Nguzoni. Anahema. Hakuinua kichwa, kwa jinsi machozi yalivyomjaa.

"Limelala, siyo?"

"Limelala, baba. Yote yamelala. Nayang'oa, nitayabananisha, hivi yalivyo yananichosha hata mimi kuyaruka."

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia, baba."