Wa Kumtoa Kibibi Nje

Kwao Nassir, huko Bweni ng'ambo ya mto Pangani, mtoto hatolewi nje na mtu yeyote tu. Arobaini ikifika, mwanamke wa damu ya baba humbeba, huvuka naye kizingiti, humwonyesha jua, kisha humtajia sikioni majina ya wazee wake mmoja baada ya mwingine, mpaka kumbukumbu inapogota. Hapo ndipo mtoto huhesabika amefika duniani. Kabla ya hapo ni mgeni, hana kwao.

Hamida hakuyajua hayo mpaka alipoolewa. Yeye alilelewa Morogoro na mama wa kambo, mwanamke mwema lakini mwenye shughuli zake, na wazee wake hakutajiwa na mtu. Labda ndiyo maana jambo lile lilimkaa moyoni kuliko lilivyomkaa mumewe, Nassir.

Mtoto wao, Kibibi, alizaliwa Dubai, mwezi wa kumi mwaka 2016. Walikuwa wakiishi Al Qusais, chumba kimoja katika fleti ambayo chumba chake cha pili kilikuwa cha Edna, dada wa Kihaya anayefanya kazi hotelini Marina. Nassir hakuwa na dada wa kuzaliwa naye. Shangazi zake wote walikuwa Pangani, na tiketi ya ndege si nauli ya pantoni.

"Mimi nitamtoa," alisema Edna, huku anamkorogea Hamida uji. "Nitavaa hata buibui. Nani atajua?"

"Jua litajua," Hamida alimjibu, wakacheka mpaka mtoto akashtuka.

Lakini mtaa wa Satwa alikuwako Bi Sheikha. Alikuwa mjane wa fundi cherehani, mzaliwa wa Unguja, amekaa Dubai tangu majengo marefu hayajaota. Katika harusi moja ya Waswahili alikuwa amemwambia Hamida kwamba asili yao ni Bweni, na kwamba baba wa babu yake alikuwa Mzee Rama, mwenye minazi. Hamida nusura adondoshe sahani ya pilau. Baba wa babu yake Nassir naye alikuwa Mzee Rama wa Bweni, mwenye minazi! Akapiga hesabu palepale: kama Mzee Rama ni mmoja, Bi Sheikha ni dada yake Nassir, na mtoto atakayezaliwa tayari ana shangazi.

Basi Kibibi alipozaliwa, Hamida akampigia simu, akaeleza shida yake kwa adabu zote. Bi Sheikha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Babu yake mumeo nani?"

"Mbwana bin Rama."

"Hakuna mtu huyo. Mzee Rama alizaa mwana mmoja tu wa kiume, Nassir, babu yangu miye. Huyo Mbwana wenu katokea wapi? Tangu n'na akili zangu kila mwaka anavuka mtu kuja Unguja kudai undugu, na kila ndugu anakuja na njaa ya minazi."

Hamida akahisi machozi yanamlenga. "Bi Sheikha, sitaki mnazi hata mmoja. Hata kifuu sikitaki. Nataka mtu wa kumtoa mwanangu nje."

Sauti ya Bi Sheikha ikalegea.

"Mwanangu, majina ya wazee hayasemwi sikioni mwa mtoto kwa kubahatisha. Nionyeshe tulipoungana. Nikipaona, nitakuja. Nisipopaona, mtafute mwengine."

Mzazi wa arobaini hatoki nje, lakini simu haina arobaini. Hamida alimpata Matia, aliyesoma na Nassir na sasa anafanya kazi Tanga mjini, akamwomba aende ofisi ya ardhi kutazama kumbukumbu za zamani za mashamba ya wilaya ya Pangani, zile zilizoandikwa kuanzia enzi za Mjerumani. Mtu mwenye minazi, aliwaza, lazima aliandikwa mahali. Amtafute Mbwana bin Rama.

Matia akaenda, akarudi tena, akatuma sauti: "Shemeji, nimekula vumbi mpaka nimepiga chafya ya Kijerumani. Mbwana bin Rama hayupo. Hayupo kwa Mjerumani, hayupo kwa Mwingereza. Pole sana."

Siku hiyo Hamida alimnyonyesha mtoto akiwa ameugeukia ukuta. Nassir aliporudi kutoka kazini akamwambia, "Mke wangu, tumwachie Edna. Mungu anaijua nia." Hamida akawaza: Nia anaijua Mungu, sawa, lakini Kibibi atakuja kuuliza.

Ijumaa baada ya chakula Nassir alipiga simu nyumbani, kama kawaida yake. "Shikamoo, baba," akasema, na Hamida, aliyekuwa amezisikia salamu hizo miaka yote, akazisikia kama mara ya kwanza. Baba yake Nassir alifariki Nassir akiwa bado mdogo. Huyu aliyekuwa kwenye simu alikuwa kaka yake wa kwanza.

Alisubiri amalize. "Baba Kibibi, huyu kaka yako, Kibibi atamwita nani?"

"Babu. Si ndiye aliyenilea? Kwetu, kaka akikulea ni baba, na wanao wanamwita babu."

"Na wajukuu zetu?"

"Watamwita... sijui. Watasema ndiye baba yangu, basi."

"Na nani atawaambia kwamba si yeye?"

Hamida alikuwa ameshaishika simu. Alimwandikia Matia: asimtafute tena Mbwana. Atafute shamba la Mzee Rama mwenyewe, asome na mipaka yake yote minne, mpaka neno la mwisho.

Jibu lilikuja kwa picha. Ilikuwa karatasi iliyoliwa pembeni na mchwa, imeandikwa kwa Kiswahili cha zamani: *Shamba la minazi, Bweni. Mwenye shamba, Rama bin Nassir. Mpaka wa kusini, minazi ya nduguye Mbwana bin Nassir, naye ni mtoto, ameshikiwa na huyu Rama.*

Nduguye! Mbwana hakuwa mtoto wa Mzee Rama. Alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyelelewa naye na kumwita baba. Bi Sheikha alikuwa na haki, Bweni nao walikuwa na haki.

Hamida alicheka peke yake, kisha akaanza kuhesabu upya kwenye vidole vya Kibibi. Rama na Mbwana, ndugu, safu moja. Babu yake Bi Sheikha na baba yake Nassir, safu moja. Baba yake Bi Sheikha na Nassir, safu moja. Bi Sheikha na...

Akarudia kuhesabu.

"Edna! Bi Sheikha si shangazi yake Kibibi. Ni dada yake!"

"Yule bibi? Mwenye jino la dhahabu?"

"Na Nassir ni baba yake mdogo."

Edna alikaa chini sakafuni. Nassir alisema hampigii simu Bi Sheikha hata kwa mtutu wa bunduki. Hamida naye hakujua mtu anamwambiaje mama mzima kwamba mimi ni mama yako mdogo. Akatuma picha ile tu, na salamu. Jibu halikuja. Kesho yake pia halikuja.

Asubuhi ya arobaini mlango ukagongwa. Bi Sheikha akaingia na harufu ya udi, anahema. Hamida akainama haraka. "Shikamoo, Bi Sheikha."

"Weye! Toka lini mama akamwamkia mwana?" Akamshika mkono, akainama yeye. "Shikamoo, mama mdogo."

Hamida hakujua auweke wapi uso wake.

"Itikia, mama, magoti yananiuma."

"Ma... marahaba."

Edna alikimbilia jikoni, wakasikia sufuria zikianguka. "Na baba mdogo yuko wapi?" aliuliza Bi Sheikha. "Kajificha chooni? Mwanawe kaja, hata peremende hakuna?" Kisha akakaa, akafuta jasho. "Nimempata shangazi yangu Unguja kwa simu. Namuuliza Mbwana, anasema, si yule mdogo wake babu, akimwita baba? Namwambia, mbona hamkusema? Anasema, mbona hukuuliza?"

Alimbeba Kibibi, wakashuka kwa lifti mpaka mlango mkubwa wa jengo. Jua la Novemba lilikuwa limekaa vizuri juu ya maegesho, na ndege ilikuwa ikishuka kuelekea uwanjani. Bi Sheikha akavuka kizingiti, akainamisha mdomo sikioni mwa mtoto.

"Kibibi binti Nassir, bin Rama, bin Mbwana, bin Nassir. Hapo kwa Nassir ndipo tulipoungana. Na miye Sheikha, dada'ko."

Kibibi akapiga chafya.

Hamida alikuwa bado amesimama ndani, analia na kutabasamu. Bi Sheikha akamgeukia.

"Na weye, nani alikutoa?"

"Sijui, Bi Sheikha. Sikuambiwa."

"Wazee wako unawajua?"

"Wawili tu. Kassim, na baba yake, Ngoda."

"Wawili wanatosha kuanzia." Mtoto akampa Edna, akamnyooshea Hamida mkono. "Yalla, mama mdogo. Vuka."

Hamida akavuka, na Bi Sheikha akainama sikioni mwake.