Orodha ya Waliolala

Jumapili ile ya Novemba, Okrye alisimama mlangoni mwa kanisa na kusoma ukuta mzima, akahisi damu inampanda hadi masikioni.

Ukuta ulikuwa wa Mchungaji Seok. Alikuwa ameupamba mwenyewe tangu Septemba, mwaka wake wa pili katika kanisa hilo la mlimani Gunsan, mji wa bandari wa Korea. Juu kabisa aliandika kwa herufi nene: MISINGI SABA YA KIBIBLIA YA UKUAJI WA KANISA. Chini yake kulikuwa na majina ya vikundi, na kila kikundi kilikuwa na stika za tufaha jekundu, tufaha moja kwa kila mgeni aliyeletwa. Pembeni kulikuwa na karatasi mpya yenye safu tatu. Washirika hai. Wageni. Waliolala. Katika safu hiyo ya tatu kulikuwa na majina kumi na moja, na la nne lilikuwa la Bibi Pyo Bunnam.

"Waliolala?" Okrye alimuuliza Misuk, mwenzake wa jikoni. "Yaani wamekufa?"

"Hapana, dada. Ndio wale wasioonekana. Ukikosa Jumapili tatu, unahamishiwa huko."

"Nani amemwendea kumwona?"

Misuk alitazama viatu vyake. "Kikundi cha wazee hakina kiongozi siku hizi. Viongozi wote tumepelekwa kwenye wageni."

Hakuwa na haja ya kuambiwa. Okrye, aliyekuwa shemasi kwa miaka kumi na tisa sasa, alikuwa mmoja wa viongozi hao. Alipewa kazi ya kuleta watu wanne kabla ya Krismasi. Jumamosi tatu mfululizo alikuwa amesimama chini ya maghorofa mapya, pua imemwiva kwa baridi, akiwagawia wapita njia vipakiti vya tishu vyenye jina la kanisa. Zamani Jumamosi hizo zilikuwa za jikoni. Bibi Pyo alikuja na mkongojo wake, akakaa karibu na sufuria kubwa ya supu ya dagaa, akamenya vitunguu saumu na kuwasimanga wanaokata kabichi vibaya. Siku ya pili yake kanisa zima lilikula tambi kwa supu hiyo pamoja. Lakini jiko lilifungwa Septemba. Mahali pake paliwekwa mkahawa wenye meza nyeupe na viti virefu, kwa sababu vijana, alisema Mchungaji, hawavutwi na harufu ya dagaa. Bibi Pyo, miaka themanini na mitatu, angepandaje kiti kile?

Okrye hakungoja ibada. Aligeuka na kushuka mlima, koti halijafungwa.

Mlango wa Bibi Pyo haukuwa na kufuli. Alimkuta sakafuni, kati ya chumba na jiko, amelala ubavu, mguu mmoja umepinda vibaya. Alikuwa ameanguka Ijumaa jioni. Kilichomwokoa ni sakafu, maana nyumba za huko hupashwa moto kupitia chini ya sakafu, na moto huo ulikuwa haujazimwa. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Alifungua macho, akamtazama Okrye kwa muda.

"Umekula?" akauliza.

Okrye alipiga magoti, akamlowesha midomo kwa kitambaa cha maji, akapiga simu ya gari la wagonjwa. Alilia, lakini si kwa huruma. Alilia kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Kutoka kwenye maghorofa yale aliposimama na tishu zake, nyumba hii ilikuwa umbali wa dakika saba kwa miguu.

"Nilidhani mmehama," alisema Bibi Pyo walipokuwa wakimlaza kwenye machela. "Nikasema, labda kanisa limehamia kule kwenye maghorofa."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema ataishi, ila kutembea asahau.

Jumanne saa nne asubuhi, baraza la wazee wa kanisa lilikuwa limekaa ofisini kwa Mchungaji. Okrye aliingia bila kubisha. Mzee Tak, aliyekuwa mwenyekiti wa ujenzi na mwenye sauti ya kuamrisha, alinyanyua mkono.

"Mama Shemasi, hiki ni kikao."

"Ndiyo maana nimekuja. Mko wote."

"Kama una jambo, andika barua."

"Bibi Pyo naye angeandika barua, Mzee? Kalamu ilikuwa juu ya kabati. Yeye alikuwa chini, siku mbili."

Mchungaji Seok aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. "Nimesikia. Nimehuzunika sana, Mama Shemasi. Tutamwombea Jumapili."

"Usimwombee!" Sauti ya Okrye ilipasuka. "Nenda ukamwone! Leo ni Jumanne. Hospitali iko hapo chini, hata basi huhitaji."

"Mama, tafadhali, adabu," alisema Mzee Tak.

"Adabu gani? Bibi huyu alibeba mchanga wa kujengea kanisa hili kichwani, kutoka mtoni, mtoto mgongoni. Ninyi mmemwandika kwenye safu ya waliolala, mkabandika matufaha juu yake. Mchungaji, umeandika ni misingi ya kibiblia. Biblia ipi?"

Mchungaji alisimama, uso umebadilika rangi. "Unadhani mimi nafanya biashara? Mwaka jana nilizika watu kumi na wanne katika kanisa hili. Kumi na wanne! Nilibatiza mmoja. Mmoja, na huyo amehamia Seoul. Nikikaa nawapikia tambi, baada ya miaka kumi mlango huu utafungwa na mimi ndiye nitakayeufunga. Unataka hivyo?"

Okrye aliona kwamba mtu huyu alikuwa na hofu, hofu ya kweli, na ilimkera kwamba ameiona, maana alitaka kumchukia moja kwa moja.

"Hao kumi na wanne," aliuliza polepole, "unaweza kuniambia mmoja wao alipenda kula nini?"

Mchungaji alirudi kuketi.

"Fungua Matendo ya Mitume, sura ya sita," Okrye aliendelea. "Mimi si msomi, lakini hiyo naijua, maana ni habari ya jikoni. Kanisa la kwanza lilikuwa linaongezeka, tena linaongezeka kuliko letu. Kelele ya kwanza iliyozuka ilikuwa nini? Wajane wamesahauliwa kwenye chakula. Mitume walifanyaje? Waliwahamishia safu ya tatu? Waliita kanisa lote, wakachagua watu saba wa kuwahudumia. Wewe una misingi saba ukutani, Mchungaji. Wao walikuwa na watu saba wenye miguu. Endelea kusoma uone kinachofuata. Wajane walipokula, ndipo neno lilipoenea na watu wakazidi kuwa wengi. Umechukua mwisho wa habari ukaacha mwanzo wake!"

"Inatosha," alisema Mzee Tak. "Rudisha funguo za jiko. Umesimamishwa huduma."

Okrye alizitupa funguo mezani, zikateleza mpaka kwenye karatasi za Mzee. Kisha akaenda mkahawani, akaingia stoo, akaitoa ile sufuria kubwa, akaibeba kifuani kupita katikati ya meza nyeupe. Misuk, aliyekuwa anapanga vikombe, alimtazama mara moja tu, akavua aproni, akashika mkono wa pili wa sufuria. Waliteremka nayo mlimani kama wamebeba maiti.

Walipikia nyumbani kwa Misuk. Majina yote kumi na moja Okrye alikuwa ameyanakili, na kwa wiki ile nzima walipanda na kushuka vichochoro wakiwa na vyombo vya supu vilivyofungwa kwa taulo. Wawili walikuwa wamehamia kwa watoto wao. Mmoja alikuwa haoni tena vizuri, anaogopa ngazi. Mwingine alikataa kufungua mlango mpaka siku ya tatu. Na Bibi Ju, wa nyumba ya bati la buluu, alikuwa amefariki tangu Oktoba. Majirani ndio waliosaidiana na binti yake kumzika. Binti huyo alimwonyesha Okrye simu ya marehemu, na ndani yake kulikuwa na ujumbe wa kanisa uliofika wiki mbili baada ya maziko: Tumekukosa! Njoo na rafiki, upate zawadi.

Okrye aliupiga picha ujumbe ule, akamtumia Mchungaji bila kuandika neno lolote.

Kesho yake alasiri, Mchungaji Seok alitokea wodini. Alisimama miguuni pa kitanda cha Bibi Pyo, kisha akashuka magotini na kuinama mpaka paji la uso likagusa sakafu ya hospitali.

"Inuka bwana," alisema Bibi Pyo. "Utachafua suruali, na mkeo ndiye atakayefua."

Hakuinuka upesi. Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu. Alimgeukia Okrye.

"Nisamehe, Mama Shemasi."

"Bado," alisema Okrye. "Labda baadaye. Sasa hivi nina hasira, na sitajifanya sina." Alichana nusu ya karatasi ya majina aliyokuwa nayo, akampa. "Hawa wanne ni wako. Jumatano na Jumamosi. Supu ikifika imepoa watakusema, nami nitawaunga mkono."

Mchungaji alikwenda. Mara ya kwanza alimwaga nusu ya supu kwenye ngazi. Alikwenda tena. Mwezi Januari alisimama mbele ya washirika wote, akasema alikosea, akaomba wachaguliwe watu saba. Mzee Tak aliondoka na familia nne, akaenda kanisa kubwa la mjini. Tambi zilirudi, na Okrye akarudishiwa funguo za jiko. Vijana kadhaa walilalamika juu ya harufu, wengine wakaomba waongezewe.

Kanisa halikujaa. Wazee waliendelea kufa, Mchungaji akaendelea kuzika. Lakini Aprili alikuja mwanamke mmoja aitwaye Noh Kyesun, ambaye alikuwa amelazwa kitanda cha pili kutoka kwa Bibi Pyo. Majira yote ya baridi alikuwa akiona watu wasio na undugu wakipokezana kumlisha yule bibi, mpaka siku moja akauliza wanatoka wapi. Alikuja na wifi yake.

Mchungaji alitaka kuwasimamisha wapigiwe makofi.

"Jaribu," Okrye alimnong'oneza, akimkazia macho. "Jaribu tu uone."

Akaacha. Okrye akawasogezea wageni wale mito ya kukalia, akawaonyesha choo kiko wapi, akarudi jikoni kumgombeza Misuk kwa sababu ya chumvi.