Chupa ya Maua ya Njano

Mama ndiye aliyekuwa akituletea maua ya njano kutoka bustanini kwake. Tangu zamani aliyachemsha akanywa, magoti yakivimba. Sisi wa maabara tulitaka kujua ndani yake kuna nini kinachotuliza uvimbe. Tuliyakausha, tukayasaga, tukayaloweka katika methanoli, ile spiriti ya viwandani. Spiriti huivuta dawa kutoka kwenye maua. Baadaye tunaivukiza yote, ubaki utomvu mzito. Kabla ya hapo mchanganyiko hukaa kwenye chupa tuliyoandika jina la ua tu. Kilichomo kila mfanyakazi anakijua.

Asubuhi nilikuta chupa moja imepungua. Jana yake mama alileta gunia, nikamwacha peke yake nikamtafutie chai.

Nilikimbia nyumbani. Alikuwa anafagia baraza huku akiimba.

"Mama, ulichukua kitu kwenye chupa yetu?"

"Kidogo tu. Maua si yangu? Au umekuja kunifunga?" Akacheka. "Nimekunywa leo asubuhi. Yenu kali, mwanangu! Goti limepoa, ningepata ngoma ningecheza."

"Ile bado si dawa. Ni sumu. Twende hospitali."

"Sumu gani inaponya? Mimi buheri wa afya."

Huo uzima wake ndio ulionitisha. Methanoli haina haraka. Humwacha mtu acheke saa nyingi, kisha huanza na macho, na isipowahiwa humaliza na uhai. Nilimweleza hivyo polepole. Nikamwambia pia kwamba tukiwahi, hospitali wanaweza kuizuia.

"Macho?" aliuliza.

"Macho, mama."

Aliegemeza ufagio ukutani. Ukaanguka, hakuuokota.

"Basi tupitie kwa mama yako mdogo," alisema. "Yeye nilimpa jana ile ile. Kikombe kizima. Goti lake baya kuliko langu."

Nilipiga simu njiani. Iliita mpaka ikakatika.

Mlango wake ulikuwa wazi, na jua limejaa sebuleni. Mama mdogo alikuwa kwenye kochi. Aligeuza uso tulikosimama, lakini macho yake yalipita pembeni yetu.

"Nani hao?"

"Ni sisi, mdogo wangu," mama alisema.

"Afadhali mmekuja, dada. Hebu mwambieni huyo anayechoma takataka aache. Nyumba nzima imejaa moshi."

Mama alitazama dirisha, kisha akanitazama mimi. Tulimshika mama mdogo huku na huku, tukaanza kumshusha ngazi, moja moja, naye akiendelea kumlaumu jirani.