Mwambieni Waridi Kumekucha

Unatazama pembeni. Vumbi la Kariakoo linapanda na mwanga wa asubuhi, linatua kwenye marobota ya mitumba, nawe unajifanya unalipangusa usoni ili usinitazame. Nakuona. Nakuona tangu Bi Shamsa apigwe na kiharusi, ulimi wake ukalala.

Mimi sisahau. Ule mgao wa umeme, mtaa mzima giza, nyama zinanuka mabuchani, mlimlilia nani? Waridi binti Shamsa! Akaja na mikono ya grisi, majenereta yakanguruma, mkashangilia. Leo Waridi yuko ncha ya kusini ya dunia, fundi mitambo kwenye kituo cha watafiti, na nyie mnacheka.

"Mswahili gani anafuata barafu?" anasema Twaha muuza viatu. "Barafu si ipo soko la Feri, imelalia samaki?"

"Anatupiga fiksi huyo. Yupo Mbagala, kaolewa!" anadakia mwenzake.

Chekeni. Huko jua limeondoka, halirudi mpaka msimu ugeuke. Anavaa nguo juu ya nguo, anashika kamba kuifuata njia ya kwenda mitamboni, maana upepo ukivuma huoni mkono wako mwenyewe. Injini ikizima, kituo kizima kinaganda. Jumapili anasukuma chapati, wenzake wanagombea ya mwisho. Akitoka nje, pumzi inamgandia kwenye kope. Na juu! Juu nyota hazizami, zinazunguka, zinazunguka, na mwanga wa kijani unajikunjua kama kanga iliyoponyoka kambani. Uzuri wa kutisha. Usiku usio na mlango.

Sasa sikia. Saa yetu huzaliwa na jua. Jua likichomoza ndipo tunaanza: moja, mbili, tatu. Lisipochomoza, saa moja utaitoa wapi? Wenzake wana saa ya ukutani, inawatosha. Waridi alikuwa na sauti ya mama. Kila alfajiri Bi Shamsa alimtumia sauti kwa simu: "Mwanangu, kumekucha." Basi. Na kule gizani Waridi anafunga kamba za buti, siku yake inaanza kuhesabika.

Tangu mama anyamaze, kwake hakujakucha. Juzi kanitumia mimi, jirani yao, sauti nzito, kama ya mtu aliyejifunika blanketi: "Kaka, silali, siamki. Nasimama mbele ya injini, nasahau nimefuata nini. Huko kumekucha? Au mtaa umeshanisahau?"

Nimemjibu, na nitamjibu tena. Lakini hakuuliza kama mimi nimemsahau. Kauliza mtaa. Mtaa ni wewe.

Twaha, weka chini hicho kiatu. Nawe unayesoma, toa simu mfukoni. Ongea. Honi zipigwe, wapiga debe wabweke, muuza kahawa agonganishe vikombe vyake, vyote viingie humo. Usiniambie utatuma baadaye. Kule baadaye ni usiku tu. Jua hilo, linapanda mapaa ya Mchikichini, halimsubiri mtu.

Mwambie kumekucha. Mwambie sasa hivi.