Kilichobaki Ndani ya Kamera

Salha Bushiri alikuwa akirekodi harusi upande wa wanawake tu. Watu wa mtaa wake wa Ipagala walilijua hilo, na familia za Kiislamu za mjini ziliitafuta namba yake kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye sherehe ya akina mama mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, na mtu mzima wa heshima zake hucheza kama alivyocheza usichanani, kwa kuwa anajua hakuna jicho la mwanaume. Simu hukusanywa mlangoni, zikatiwa kwenye beseni na kufunikwa kanga. Kamera ya Salha peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kuingia.

Ilikuwa kamera ndogo ya video, ya kushikwa kwa mkono mmoja, yenye kioo cha pembeni kinachofunguka kama kidirisha. Kaka yake Fahadi aliinunua Dar es Salaam ikiwa imekwisha tumika. Ilivuta picha ya mbali vizuri kuliko simu, na kwenye mwanga hafifu ilileta chenga kidogo tu. Haikuwa na mtandao wala kumbukumbu yake yenyewe. Kila ilichokiona kilikwenda kwenye kadi, na kadi ikijaa ilisimama na kulia mpaka uibadilishe. Sherehe ikiisha, Salha alichomoa kadi na kumkabidhi mama wa bibi harusi mkononi, watu wakiona. Hapo kazi yake ilikuwa imekwisha.

Kilichoiharibu kamera hiyo ni vumbi. Alikwenda kurekodi Chamwino wakati wa kiangazi, chini ya turubai, upepo ukivuma tangu asubuhi. Kabla ya ubwabwa kupakuliwa lenzi ilianza kukwaruza. Picha ikawa inafifia, inarudi, inafifia tena. Kioo kikaandika kwamba izimwe na kuwashwa upya. Aliizima na kuiwasha hadi betri ikaisha. Fundi wa mjini aliifungua, akapuliza, akasema kifaa kinachosogeza lenzi kimekufa na cha kuweka badala yake hana.

Harusi ya Mwanaidi ilikuwa wiki hiyo hiyo. Mama yake Mwanaidi, Bi Kudra, alikuwa mtu wa kwanza mjini kumpa Salha kazi, na hakuwa mtu wa kuambiwa kamera imekufa. Salha akaenda kwa Uwesu, mwenye duka la kukodisha kamera na spika katikati ya mji.

"Chukua hii," Uwesu alimwambia, akatoa kamera mpya kidogo kuliko ile yake. "Hata mkono ukitetemeka picha inatulia. Gizani inaona. Betri yake inakaa. Hii haijawahi kumwangusha mtu."

"Ina mtandao?"

"Inao, lakini nimeuzima. Tazama."

Salha alitazama, akaridhika. Hakuuliza lingine, na Uwesu hakusema lingine.

Sherehe ilikwenda vizuri. Wanawake walijaa sebuleni kwa Bi Kudra mpaka barazani nje, taarabu ikilia kwenye spika. Mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kuchoka, mama yake Bi Kudra aliinuka. Aliitwa Bi Sikudhani, na miguu yake ilikuwa imemsumbua kwa muda mrefu, hata kwenda msalani alishikwa. Aliondoa mkono wa mjukuu aliyetaka kumshika. Akafungua mtandio, nywele zake nyeupe zikaonekana, akaanza kucheza polepole katikati ya mkeka. Wanawake walipiga vigelegele. Salha alisogea karibu na kumrekodi mpaka alipokaa.

Kabla ya watu kutawanyika alichomoa kadi, akamkabidhi Bi Kudra. Asubuhi alirudisha kamera kwa Uwesu.

Siku chache baadaye Bi Kudra alimpigia simu. "Mwanangu, nimeitazama yote. Mama hayumo."

"Hayumo vipi, mama? Nilimrekodi."

"Inaishia kwenye keki. Mama hayumo."

Salha alikwenda, akaitazama, akakuta ni kweli. Picha ilikatika ghafla, watu wakiwa na keki mdomoni. Aliomba radhi. Aliona kamera ile imemwangusha, na kwamba haikuwa na ubora wowote aliosifia Uwesu. Bi Kudra hakugomba. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa ameulizia.

Kabla ya mvua za kwanza Bi Sikudhani alifariki. Salha alikwenda msibani, akakaa na wanawake wengine, akasaidia jikoni. Hakuna aliyemtajia ile video. Hata hivyo kila Bi Kudra alipompita, Salha aliinamisha macho.

Arobaini ilikuwa haijafika simu yake ilipoita, namba asiyoijua.

"Wewe ndiye dada Salha?" mwanaume aliuliza. "Naitwa Yotham, niko Mkonze. Narekodi kwaya ya kanisani kwetu. Nimekodi kamera kwa Uwesu. Sasa ndani yake kuna sherehe ya akina mama. Nadhani hukukusudia ibaki humo."

Salha alikaa chini. "Ndani wapi? Kadi nilitoa."

"Siyo kwenye kadi. Hii kamera ina kumbukumbu yake humo ndani. Kadi ikijaa haisimami, inahamia ndani yenyewe na kuendelea. Hata mimi sikujua. Wimbo wetu wa mwisho ulikosekana, nikawa nautafuta, ndipo nikaikuta hiyo yako."

"Umejuaje ni yangu?"

"Nilisikia mtu anakuita Salha. Nikamuuliza Uwesu kama anamjua Salha, akanipa namba."

"Umeitazama?"

"Hapana, dada. Nilipoona ni mambo ya akina mama nilizima."

Salha alimshukuru. Kisha akampigia Uwesu na kumfokea kwa nini hakumwambia.

"Mbona kila mtu anaisifia kwa hilo?" Uwesu alijibu, akishangaa kweli. "Padri anahubiri, kadi inajaa, haikatishi hata neno. Nilidhani nakupa kamera ya uhakika."

Jioni Salha alimweleza kaka yake. Fahadi alifikiri kidogo, akasema, "Nenda kaichukue. Mpelekee Bi Kudra, mwambie umeikuta kwenye kadi nyingine. Atafurahi, na hakuna atakayeumia."

"Na yule mwanaume?"

"Amesema hakutazama. Basi ni kama hayupo."

Usiku huo Salha alifikiria pia njia nyingine, ya kumwambia Yotham aifute tu, ibaki kama ilivyokuwa. Lakini alimkumbuka Bi Kudra akisema mama yake alikuwa ameulizia, na njia hiyo akaiacha.

Kesho yake alikwenda Mkonze. Yotham alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akikwepa kumtazama usoni. Mkewe, Dorkasi, alimkaribisha kiti na kumletea karanga za kuchemsha. Salha alichomeka kamera kwenye umeme, maana bila umeme ilikataa kuhamisha kitu, akaweka kadi yake mwenyewe. Alifungua mwanzo tu ili ahakikishe. Keki ilikuwa inamalizwa, na Bi Sikudhani alikuwa anaondoa mkono wa mjukuu wake. Salha akazima. Uhamishaji ulipokamilika aliifuta kumbukumbu ya ndani, akaifungua tena kuona kama kweli iko tupu, akaaga.

Aliamua kusema ukweli. Alipofika kwa Bi Kudra hakutoa kadi kwanza. Alieleza: kamera ilivyokuwa, alivyokosa kujua, na kwamba mwanaume wa Mkonze ndiye aliyeikuta.

"Mwanaume gani?" Bi Kudra aliuliza.

"Anarekodi kwaya. Ana mke."

"Amemwona mama?"

"Amesema alizima mara moja."

Bi Kudra aliinuka. Alifunga mlango, akavuta pazia, akasema, "Weka."

Walitazama wakiwa wawili. Bi Sikudhani alicheza, akageuka, akacheka kwa jambo ambalo mtu nje ya picha alilisema. Bi Kudra alilia bila sauti. Mwishoni kabisa bibi alikaa, na sauti ya Mwanaidi ikasikika: "Salha, basi, zima sasa!" Picha ikaisha.

Salha alikumbuka maneno ya Yotham kwenye simu. Katika kipande chote kile jina lake lilikuwa limetajwa hapo tu.

Bi Kudra alikuwa bado anatazama kioo cheusi. Akauliza, "Huyo mtu alikupataje?"

Angeweza kusema Uwesu alimpa namba, na isingekuwa uongo. "Alisikia naitwa Salha," alisema. "Ndipo akamuuliza mwenye kamera."

"Alisikia unaitwa Salha," Bi Kudra alirudia polepole. "Hapo mwisho."

"Ndiyo, mama."

"Basi amemtazama mpaka akakaa."

"Nadhani hivyo, mama. Mimi nilimwamini."

Bi Kudra alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kesho utanipeleka kwake."

Kesho yake walikwenda Mkonze. Yotham alikuwa uani anatengeneza kiti. Alipowaona wote wawili aliweka nyundo chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Yotham? Mimi ni mtoto wa yule uliyemwona anacheza. Nimekuja kukuuliza. Ulitazama kiasi gani?"

Yotham alimtazama Salha, kisha ardhi. "Yote," alisema.

"Ulimwambia huyu ulizima."

"Niliona aibu, mama. Nilipoanza sikujua ni nini. Nilipojua, kidole kilikuwa kwenye kitufe, lakini sikubonyeza. Sijui nieleze vipi. Sikuwa na nia mbaya."

Dorkasi alikuwa amesimama mlangoni. Akatoka. "Hakutazama peke yake, mama. Mimi nilikuwa kando yake. Alitaka kuzima, nikamwambia acha kwanza. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Nilitaka kumwona yule bibi mpaka amalize."

Bi Kudra alimgeukia. "Kuna mwingine aliyeona?"

"Hakuna. Sikusema hata kwa jirani."

"Mna nakala?"

"Hatuna," alisema Yotham. "Dada Salha alifuta mwenyewe."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya ukuta wa udongo. Bi Kudra alikaa kwenye kiti alichokuwa hajakaribishwa, kile kilichokuwa kinatengenezwa, nacho kikayumba kidogo.

"Mama yangu," alisema, "tangu baba afariki, hakuna mwanaume aliyeona nywele zake asiyekuwa mwanawe au mjukuu wake. Hata daktari aliambiwa na mama asubiri mpaka ajifunike. Amekufa akijua hivyo."

"Nisamehe, mama," Yotham alisema.

"Mimi siye niliyeonwa. Wa kusamehe ameshalala. Lakini ungeweza kunidanganya kama ulivyomdanganya huyu, na nisingekuwa na la kufanya. Nimekusikia."

Dorkasi alileta maji kwenye bilauri, Bi Kudra akayapokea, akayanywa yote. Wakati wa kuondoka Dorkasi alimfungia zabibu kwenye mfuko, na Bi Kudra aliupokea mfuko huo kwa mikono miwili, akashukuru.

Barabarani Salha aliomba radhi. Alisema angepaswa kuigeuzageuza kamera ile na kuijua kabla ya kuingia nayo ndani ya nyumba ya mtu.

"Ungepaswa," Bi Kudra alisema. "Na ungeweza kunificha. Hilo nalo nimeliona." Walitembea hatua kadhaa. "Sitakuita tena, Salha. Siyo kwa hasira. Kila nikiiona kamera mkononi mwako nitakuwa namkumbuka yule mtu uani. Lakini mtu akiniuliza kuhusu wewe, nitamwambia ulichofanya, mwanzo na mwisho. Aamue mwenyewe."

Salha aliona ni haki, ingawa ilimuuma. Bi Kudra alifanya alivyosema, na baadhi ya akina mama waliacha kumwita. Wengine walimwita, wakitaka kwanza awaoneshe kamera inahifadhi wapi. Ile ya zamani haikupona. Alinunua nyingine, na kwa kuwa hakupata isiyo na kumbukumbu ya ndani, aliiacha kadi ijae makusudi nyumbani, akimrekodi paka wa jirani mpaka akajua inavyofanya. Kisha akaipanga isimame kadi ikijaa.

Arobaini ilipofika dada zake Bi Kudra walikuja kutoka Kondoa. Baada ya kisomo, wanaume walipokuwa wamekwisha kuondoka, Bi Kudra alifunga mlango, akaweka kadi kwenye televisheni, wakamtazama mama yao. Mwanaidi ndiye aliyemsimulia Salha baadaye. Walilia, kisha wakaanza kubishana. Spika ilikuwa inapiga taarabu, lakini miguu ya mama haikufuata taarabu hata kidogo. Mkubwa wao alisema hiyo ni ngoma ya Kondoa, aliijua tangu akiwa mdogo. Wa pili alisema si kweli, mama aliipata Tabora kwa shangazi yake kabla ya kuolewa, na Kondoa hakuna anayeinua bega namna ile. Wakarudisha nyuma, wakatazama tena bega. Mkubwa akasimama kuwaonesha. Wa pili akamvuta kanga, akamwambia akae, anakosea, akasimama yeye.